Tiba ya Kichina kwa Watu wa Makamo

Agosti 2017 picha moja ilizagaa katika mitandao ya China. Ilimwonyesha Zhao Mingyi, mpiga ngoma wa Hei Bao, bendi ya roki iliyowapagawisha vijana wa nchi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 1990, akiwa ameshika chupa ya kutunzia maji ya moto. Watu walicheka, kisha wakajicheka wenyewe. Chupa ya namna hiyo, ikitiwa punje nyekundu za goji, ndiyo kinywaji cha Mchina anayeanza kuhesabu mvi. Utani uliofuata ulikuwa mmoja tu: hata wapiga roki huzeeka.

Mimi ni mfamasia, na wateja wa rika la Zhao wananijia kila siku. Wengine wana joto linalopanda ghafla kutoka kifuani hadi usoni, wengine usingizi unakatika saa nane za usiku, wengine goti linagoma kwenye ngazi. Siku hizi wengi huja na boksi mkononi, limeandikwa Kichina pande zote, na swali lao ni lilelile: “Daktari, hii naweza kumeza pamoja na dawa yangu ya presha?” Kabla sijajibu, nami huuliza: dawa hii umepewa na nani, na alikuuliza nini kabla ya kukupa? Mara nyingi jibu ni kwamba hakuulizwa chochote isipokuwa hela. Hapo ndipo ugomvi wangu na boksi unapoanzia, na nadhani mganga wa Kichina aliyesoma vizuri angegombana nalo zaidi kuliko mimi.

Tuanze kwao. Kitabu kikongwe cha utabibu wa China, Huangdi Neijing, kilichokusanywa takriban miaka 2,000 iliyopita, kinaugawa umri wa mwanamke katika vipindi vya miaka saba na wa mwanamume katika vipindi vya miaka minane. Msichana huvunja ungo akiwa na miaka 14, na hedhi hukoma akiwa na 49, yaani saba mara saba. Mwanamume akifika 40 nywele huanza kupukutika na meno kuchakaa. Hesabu hiyo ya 49 haiko mbali na wanayoyaona madaktari wa leo, maana wanawake wengi hukoma hedhi karibu na miaka 50. Kinachonivutia zaidi ni kwamba kitabu hakiuiti umri huo ugonjwa. Ni hatua, na mtu huumwa pale mwili unaposhindwa kuivuka kwa utulivu.

Kwa mujibu wa elimu hiyo, kinachopungua ni nguvu ya figo. Naomba msomaji asimame hapa kidogo. Figo wanayoizungumzia si ile inayopimwa kwa kreatinini hospitalini. Kwao figo ni hazina ya uzazi, mifupa, nywele, masikio na joto la mwili, na hazina hiyo ina pande mbili: yin, inayopoza na kulainisha, na yang, inayopasha na kusukuma. Nimeshapokea watu waliotoka duka la dawa za Kichina wakitetemeka kwa kuambiwa “figo zako zimechoka,” wakitaka kujua kama wataingia kwenye mashine ya kusafisha damu. Vipimo vyao vilikuwa safi. Hatari iko upande wa pili pia: mwenye kisukari ambaye figo zake za kweli zinaharibika anaweza kuridhika na vidonge vya “kuimarisha figo” huku miezi inayoyoma.

Vidonge maarufu kuliko vyote katika kundi hilo ni Liu Wei Di Huang Wan, vile vidonge vyeusi vya mviringo vinavyonata kidogo mkononi. Vina viambato sita, na vipimo vyake wanafunzi wa China hukariri: nane, nne, nne, tatu, tatu, tatu. Nane ni ya mzizi uliopikwa hadi ukawa mweusi na mtamu. Nne mojawapo ni ya shan yao, ambao ni jamii ya kiazi kikuu chetu. Wanaume na wanawake wa makamo huvimeza kwa imani kwamba vilitungwa kwa ajili yao. Aliyevitunga ni Qian Yi, daktari wa watoto wa enzi ya Song, na kitabu chenye fomula hiyo kilitoka mwaka 1119. Aliwalenga watoto waliochelewa kukua. Alichukua fomula ya zamani zaidi ya kupasha figo joto, akaondoa mdalasini na mmea mwingine mkali, akabakiza sehemu ya kupoza. Ilichukua mikono ya madaktari wengine kuihamishia kwa watu wazima.

Sasa mwangalie daktari wa Kichina akiwa kazini. Anaweka vidole vitatu kwenye kifundo cha mkono, anagusa juu juu, kisha anakandamiza, halafu anahamia mkono wa pili. Anakuomba utoe ulimi, anaangalia rangi, uvimbe, alama za meno pembeni, na utando ulio juu yake. Maswali ni mengi na mengine ya aibu: choo kikoje, jasho hutoka saa ngapi, unatamani maji baridi au ya moto, ndotoni unaona nini. Wanawake wawili wenye joto lilelile la ghafla wanaweza kutoka na dawa mbili tofauti. Wa kwanza ana ulimi mwekundu usio na utando, nyayo zinawaka usiku, mapigo ni membamba na ya haraka. Huyo amepungukiwa yin, atapewa dawa ya kupoza. Wa pili uso unawaka lakini miguu ni baridi, ulimi umepauka na kuvimba, anaamka usiku kukojoa. Yang imemwishia pia, na huenda akaandikiwa Er Xian Tang, fomula iliyobuniwa Shanghai miaka ya 1950. Ukiwabadilishia dawa, umekosea kwa kanuni za Wachina wenyewe.

Mimea hiyo huloekwa kama nusu saa kwenye chungu cha udongo, huchemshwa mara mbili, maji ya kwanza na ya pili yakachanganywa na kugawanywa asubuhi na jioni. Mgonjwa kwa kawaida hurudi baada ya wiki moja, ulimi ukaangaliwa tena, mmea mmoja ukatolewa na mwingine ukaingia. Boksi linalodai kutibu “wanawake wote wa miaka 45 na kuendelea” halijamwona ulimi mtu yeyote.

Je, zinafanya kazi? Mwaka 1997 watafiti wa California walichapisha jaribio la dang gui, mzizi unaosifiwa kuliko yote kwa mambo ya wanawake. Wanawake 71 walifuatiliwa kwa wiki 24, baadhi wakimeza dang gui na wengine vidonge visivyo na dawa. Joto la ghafla halikutofautiana. Waganga wa Kichina walilalamika, na lalamiko lao lina uzito: dang gui haitolewi peke yake kwa kazi hiyo, huandamana na mimea mingine. Sawa. Lakini duka linalouza kopo la dang gui tupu haliwezi kujificha nyuma ya lalamiko hilo.

Kuhusu tiba ya Kichina ya kuchoma sindano (akupancha), jaribio la Australia lililochapishwa 2016 lilikuwa na wanawake 327. Nusu walichomwa sindano za kweli, nusu waliguswa kwa sindano butu zisizoingia mwilini, mara kumi ndani ya wiki nane. Joto lilipungua kwa karibu asilimia 40 pande zote mbili. Yaani walipata nafuu, ila nafuu haikutoka kwenye ncha ya sindano. Huenda ilitoka kwenye kulala chini kwa utulivu, kusikilizwa, kutarajia kupona, na pia kwenye kawaida ya joto hilo kupungua lenyewe. Kwa kulinganisha, tiba ya homoni ya hospitali hupunguza vipindi vya joto kwa karibu robo tatu. Ina masharti yake, na mwenye historia ya saratani ya matiti au damu kuganda kwa kawaida hapewi, lakini mama anayeshindwa kufanya kazi kwa sababu ya joto ana haki ya kuambiwa kwamba ipo. Wengi hawaambiwi.

Jambo moja kabla sijasahau. Huku kwetu jasho la usiku lisidhaniwe moja kwa moja kuwa la kukoma hedhi. Likija na kikohozi cha wiki mbili, kupungua uzito au homa za jioni, kapime kifua kikuu na VVU kwanza. Na damu inayotoka baada ya hedhi kukoma kwa mwaka mzima haina mjadala wa yin wala yang. Ni ya kumwona daktari wa wanawake wiki hiyohiyo.

Kwa usingizi Wachina wana suan zao ren, mbegu ya mti ulio ndugu wa mkunazi wetu, na fomula yake imo katika maandiko ya Zhang Zhongjing ya mwanzoni mwa karne ya tatu. Ushahidi wake bado ni mwembamba. Mimi ningechukua desturi yao nyingine isiyouzwa popote: kuloweka miguu kwenye beseni la maji ya uvuguvugu kabla ya kulala. Mishipa ya miguu inapopanuka, mwili hutoa joto lake la ndani, na usingizi hukaribia kadiri joto hilo linavyoshuka. Mwenye kisukari aliyekufa ganzi nyayoni asipime maji kwa mguu. Apime kwa kiwiko, au mtu mwingine ampimie.

Penye viungo ndipo tiba hii ninapoiheshimu zaidi. Jaribio kubwa la Ujerumani kuhusu maumivu sugu ya mgongo, lenye wagonjwa 1,162, lilionyesha kwamba baada ya miezi sita asilimia 47.6 ya waliochomwa sindano kwa kanuni za Kichina walikuwa na nafuu ya maana. Waliochomwa juu juu mahali pasipo “sahihi” walikuwa asilimia 44.2, na waliopewa matibabu ya kawaida 27.4. Ramani ya njia za qi, nguvu ya uhai kwa mujibu wa elimu hiyo, haikung'ara sana hapo, lakini mgonjwa hatembei kwa ramani. Tangu wakati huo bima za afya za Ujerumani hulipia sindano kwa maumivu sugu ya kiuno na ya goti. Afrika Mashariki nayo haiko mbali na sindano hizi: madaktari wa China wamekuwa Zanzibar tangu 1964 na Tanzania Bara tangu 1968, na miongoni mwao wamekuwemo wataalamu wa kuchoma sindano. Ukienda, hakikisha pakiti inafunguliwa mbele ya macho yako, na useme mapema kama unameza dawa ya kuzuia damu kuganda.

Hata hivyo kwa goti lililosagika ningependekeza taichi, ile michezo ya polepole ya kuhamisha uzito kutoka mguu hadi mguu. Huko Boston wagonjwa 204 wa goti waligawanywa: nusu taichi mara mbili kwa wiki, nusu fiziotherapia, kwa wiki 12. Maumivu yalipungua sawasawa.

Wauzaji wa maboksi hupenda kutaja dawa mseto ya malaria kama ushahidi wao. Ni kweli, artemisinini ilitoka kwenye mmea wa Kichina, na Tu Youyou alipata tuzo ya Nobel mwaka 2015. Lakini yeye alisoma andiko la kale, akatenga kiini chake bila joto kali, akakijaribu kwa wanyama, akakinywa mwenyewe, ndipo kikapewa wagonjwa kwa kipimo kinachojulikana. Boksi la mtaani halijapita njia hiyo hata hatua moja.

Na madhara yapo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, wanawake wa Brussels waliokuwa wakimeza vidonge vya kupunguza unene vyenye mimea ya Kichina walianza kuharibikiwa figo, hizi za kweli. Mmea uitwao fang ji ulikuwa umebadilishwa na mwingine wenye jina linalokaribiana, guang fang ji, ulio na asidi ya aristolokiki. Waliodhurika walizidi mia moja, na baadhi walipata saratani ya njia ya mkojo miaka kadhaa baadaye. He shou wu, inayotangazwa kurudisha weusi wa nywele, imeharibu maini ya watu katika nchi nyingi. Gancao, mzizi mtamu unaotiwa katika fomula nyingi sana, ukinywewa kwa wingi huzuia chumvi na maji mwilini na kushusha potasiamu. Presha inapanda, na mgonjwa anaongezewa dawa bila mtu kuuliza anakunywa nini nyumbani. Dang gui na goji huongeza nguvu ya warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda.

Halafu kuna vidonge vya viungo vinavyofanya miujiza siku ya pili. Nikiona uso umejaa kama mwezi na sukari imepanda, nashuku vimechanganywa na steroidi. Usiviache ghafla, vilete pamoja na boksi lake, hata kama limechanika. Tanzania ina sheria ya tiba asili na tiba mbadala tangu 2002, na Baraza lake husajili waganga na dawa, kwa hiyo kuuliza namba ya usajili si ukorofi.

Wanaume hawaniulizi dirishani. Wananisubiri nje wateja wakiisha. Vidonge vya “nguvu” vyenye picha ya chui au mizizi ya ginsengi vimekamatwa mara nyingi, katika nchi nyingi, vikiwa na sildenafili ndani bila kuandikwa. Kwa mtu mwenye moyo mzima huenda kisa kikaishia kwenye kichwa kuuma. Kwa anayetumia dawa za naitreti za maumivu ya kifua, presha inaweza kuporomoka hadi akafa. Ukifikishwa hospitali kifua kinabana, taja kidonge hicho kabla hujawekewa dawa chini ya ulimi, hata kama mkeo amesimama pembeni.