Nduthi ya Kwanza ya Off-Road: Usinunue Ile Huwezi Inua Peke Yako

Ukisimama Kona Baridi Jumapili mangware, lazima utaona mbogi ya nduthi ikipita kushuka Magadi. Tairi za meno, helmeti za mdomo mrefu, vumbi mpaka kwa kope. Na kama umekaa wiki mzima ukiangalia kompyuta ya wenyewe ama ukipigana na jam ya Outering, roho inakuambia tu: hata mimi nataka hiyo maisha.

Hiyo ni poa kabisa. Ngori huanza wakati wa kuchagua. Unaingia YouTube, unaona msee akiruka kilima na KTM 450, kesho yake umeanza kuuliza sacco watakupea ngapi. Tulia kwanza.

Nduthi ya vumbi lazima ianguke. Hata wasee wamekuwa kwa hii mchezo miaka kumi huanguka kwa mchanga na kwa mawe, wanacheka, wanaendelea. Kwa hivyo swali la kwanza usiulize inakimbia ngapi. Jiulize hivi: hii mashini ikilala kwa korongo huko Suswa saa nane mchana, jua imewaka na mbogi imekuacha nyuma kidogo, utaiinua? Na kitu ikivunjika, utaipata wapi? Ukijibu hizo mbili vizuri, umemaliza nusu ya kazi.

Jua aina kwanza, usiuziwe mbuzi kwa gunia

Nduthi za vumbi hazifanani, hata kama kwa picha zote ni ndefu na zina mataa ya kutisha.

Kuna za mashindano. Hizi ni kama Honda CRF250R, Yamaha YZ250F na KTM za SX. Ni nyepesi na zina nguvu ya kichizi, lakini nyingi zinatoka kiwandani bila taa, bila indiketa, bila hata kioo. Sevisi yake inahesabiwa kwa masaa, sio kwa kilomita, na kubadilisha pistoni ni kitu ya kawaida. Hizo zinabebwa na pikap mpaka kwa treki ya motokrosi kama ile ya Jamhuri, zinacheza, zinarudi kwa pikap. Kama huna pikap na huna fundi wako, hiyo si ya kwanza.

Kuna za pande mbili: zinaenda lami na vumbi. Honda XR150L, Yamaha XTZ125, Yamaha DT125, Kawasaki KLX150, Honda CRF250L. Ziko na taa, plate, na sevisi ya kawaida. Unatoka nazo keja, unapita lami hadi Kiserian, unaingia vumbi, unarudi nyumbani jioni ukiwa bado na nduthi ya kwenda job Jumatatu. Hapa ndio msee wa kwanza anafaa kuangalia.

Angalia venye herufi moja inaweza kukumaliza: CRF250R na CRF250L zinakaribiana jina, rangi na hata CC. Lakini R ni ya mashindano, L ni ya maisha. Kuna msee hununua R juu ilikuwa bei ya kutupa, halafu anashangaa mbona haiwezi pata plate.

Tena kuna zile kubwa za safari, kama Royal Enfield Himalayan na Honda Africa Twin. Zinapendeza, na ukienda Marsabit utazifurahia. Lakini ile Himalayan ya CC 411 iko karibu kilo 200 ikiwa na mafuta. Hiyo weka kwa ndoto ya mwaka wa tatu.

Na Boxer je? Tuseme ukweli, watu wa boda Kajiado wanapita na Boxer mahali wewe utaogopa na CRF, tena wamebeba gunia mbili na mathe. Kwa hivyo usidharau. Lakini shokapu zake ni fupi, tumbo iko chini, na mkono wake umewekwa kwa mtu ameketi, sio mtu anaendesha akiwa amesimama. Ni nzuri ya kujifunza klachi na balansi. Ukianza kupita mawe kila wikendi, itachoka mapema, na wewe mgongo itachoka kabla yake.

Mtihani wa kwanza: ilaze, uiinue

Ukipata nduthi umependa, mwambie muuzaji muilaze polepole kwa nyasi, injini ikiwa imezimwa. Halafu uiinue peke yako. Mara tatu.

Usiinue na mgongo. Chuchumaa karibu nayo, shika mkono na fremu, kaza tumbo, sukuma na miguu. Mara ya kwanza utaweza juu una morali. Mara ya tatu ndio inasema ukweli, kwa sababu kwa njia mbaya unaweza kuanguka mara nane kabla ya lanchi. Kama mara ya tatu mikono inatetemeka, hiyo nduthi ni nzito kwako sai, hata kama bei ni tamu.

XTZ125 iko karibu kilo 120. XR150L iko karibu kilo 130. CRF250L inakaribia kilo 146. Kwa karatasi tofauti inaonekana ndogo, lakini ukiwa umechoka, kilo 20 za ziada ni kama umebeba jeri ya maji ukipanda ngazi hadi flati ya tano.

Muuzaji akikataa jaribio, usimkasirikie, ni haki yake. Lakini pia wewe una haki ya kuhepa na doh yako.

Mtihani wa pili: miguu ifike chini

Nduthi za vumbi ni ndefu kwa sababu zinahitaji tumbo iwe juu ya mawe. Kiti cha XR150L kiko karibu sentimita 83 kutoka chini. CRF250L ni kama 87 na nusu. Sentimita nne na nusu, lakini kwa mtu wa urefu wa kawaida hiyo ndio tofauti ya kukanyaga vizuri na kukanyaga kwa kidole kama mcheza densi.

Panda ukiwa umevaa njumu zenye utatumia, sio slipas. Si lazima nyayo zote mbili zilale chini kabisa. Ukifikisha mbele ya miguu yote miwili, ama unyayo mmoja mzima ukiteleza kidogo kwa kiti, uko sawa. Ukibaki umening'inia, ujue kila ukisimama kwa mteremko utalala nayo. Madame na wasee wafupi, msiambiwe hii mchezo si yenu. Kuna fundi anaweza kupunguza sponji ya kiti, na uzito ndogo hufidia urefu mwingi.

CC: tamaa iweke kando

Kwa mtu anaanza, CC 125 mpaka 250 inatosha na inabaki. Nguvu nyingi haikufundishi kitu, inakutupa tu. Nduthi ndogo inakulazimisha ujifunze klachi, breki, na kusimama kwa pedeli mwili ukiwa umetulia. Ukihamia kubwa baadaye, hizo ujuzi unahama nazo.

Lakini usijidanganye pia. Nai iko juu, zaidi ya mita 1,600, na hewa ni nyepesi. Injini ndogo ya kabureta inapoteza nguvu hapo. Ukiwa na 125 na umebeba beste, mlima wa kurudi kutoka Magadi utaupanda gia ya pili ukiimba nyimbo za kanisa. Kama wewe ni mkubwa wa mwili, ama safari yako ina lami mingi ya malori, angalia 150 kwenda juu.

Kitu kingine: injini inapozwa na nini? XR na XTZ hupozwa na upepo tu. CRF250L iko na maji na radieta. Ya maji inavumilia joto poa zaidi, lakini radieta ikigonga jiwe na ikavuja, hiyo safari imeisha. Ya upepo haina kitu ya kuvuja. Kwa mtu ataanguka sana mwaka wa kwanza, rahisi ndio tajiri.

Utapata pia za mipigo miwili kama DT125. Hizo husikika kama nyuki, ni nyepesi, na zinabamba. Lakini zinakunywa oili ya 2T, na nguvu yake inalala halafu inaamka ghafla. Nyingi pia zimezeeka. Ukiipata safi na una fundi anaijua, chukua. Kama huna, wacha.

Spea: enda Kirinyaga Road kabla ya kuenda kwa muuzaji

Hii ndio siri wengi hupuuza. Kabla ulipe hata bob, andika vitu sita: wenzo wa klachi, wenzo wa breki, pad za breki, seti ya cheni, waya ya klachi, filta ya hewa. Zungukia maduka ya spea Kirinyaga Road na uulize bei ya kila moja ya hiyo modeli. Kama unapata nne ama zaidi siku hiyo hiyo, uko salama. Kama kila duka inakuambia "tutaagiza", jua wenzo mmoja wa klachi unaweza kukulaza mwezi mzima ukiangalia stori za mbogi kwa simu.

Ndio maana nduthi yenye imetumika sana na mashirika na watu wa shamba huwa chaguo la akili. Fundi wa mtaani ameshaifungua, haogopi.

Ya mkono wa pili: cheki hivi

Fika bila kutarajiwa sana, na upate injini ikiwa baridi. Kama umeikuta tayari imewashwa, uliza mbona. Nduthi yenye shida ya kuwaka hupashwa moto kabla mnunuzi afike.

Ikiwaka, angalia moshi. Ya mipigo minne ikitoa moshi wa bluu hata baada ya kupata joto, inakula oili. Shika breki ya mbele uibonyeze chini mara kadhaa, halafu pitisha kidole kwa chuma ya foku: ikiwa na oili, sili zimeenda. Gonga spoki moja moja, iliyolegea inasikika tofauti. Angalia meno ya sproketi: yakiwa yamepinda kama ndoano, pamoja na cheni, hiyo ni gharama yako. Fungua filta ya hewa. Mtu mwenye hakusafisha filta kwa vumbi ya Kajiado, hakujali injini pia.

Mikwaruzo isikutishe. Nduthi ya vumbi isiyo na mkwaruzo ama haijawahi toka nyumbani, ama imepakwa rangi juzi.

Makaratasi, juu karao hajali ulikuwa unaenda kujibamba

Namba ya fremu na ya injini lazima zifanane na logbook. Jina kwa logbook liwe la mtu mwenye unamlipa, ama awe mbele yenu. Transfa inafanywa kwa mfumo wa NTSA, na ulipe mkiwa mmeianzisha, sio "nitakutumia kesho bro". Leseni yako iwe na A2, ambayo ni kutoka miaka 18. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kwa barabara, sawa na helmeti na reflekta.

Gawa hiyo ganji

Tuseme umeweka 300K. Usibebe yote kwa muuzaji. Tafuta nduthi ya kama 220K. Weka 50K kwa gia: helmeti ya maana, buti ngumu zinafunika kifundo cha mguu, kinga za goti, glavu na miwani ya vumbi. Ile 30K imebaki ni ya tairi za meno, sevisi ya kwanza, na pampu na viraka vya pancha.

Wasee hununua nduthi ya 300K halafu wanaiendesha na sneaker. Kifundo cha mguu kikinaswa kati ya pedeli na jiwe, hiyo sneaker haitakusaidia. Na hospitali kubwa si karibu ukiwa nyuma ya Mlima Suswa. Kama pesa haitoshi vyote viwili, shusha bei ya nduthi, usishushe buti.

Ukishainunua

Miezi miwili ya kwanza, kaa kwa murram rahisi Kitengela, Isinya na pande za Ngong. Msiende chini ya watu watatu: mmoja akiumia, mmoja anabaki naye, mwingine anatafuta msaada. Beba maji lita tatu. Mvua ikinyesha, hepa black cotton, hiyo udongo inajaza tairi mpaka gurudumu linakataa kuzunguka. Na ukipita kwa boma za watu, shusha mwendo, salimia, usitawanye mbuzi. Hiyo njia yenye unaita ya kujibamba ni njia ya mtoto kwenda shule, na ukiiharibu, itafungiwa kila mtu.

Baada ya mwaka mmoja utajua kama unataka kubwa, ya mashindano, ama hiyo hiyo tu. Na nduthi ndogo yenye spea mtaani haikosi mnunuzi. Utaiuzia msee mwingine anaanza, na wewe ndio utamwambia ailaze kwa nyasi aiinue mara tatu.