Tatu yenye sifuri kumi na nne

Faranga moja ya Kongo peke yake hainunui hata pipi pale Birere, Goma. Lakini ukifuata ukoo wake hadi mwanzoni mwa 1967, faranga hiyo moja ni sawa na faranga za wakati ule 300,000,000,000,000.

Namba hii imezaliwa na mabadiliko matatu ya sarafu. Juni 1967, faranga 1,000 ziligeuzwa zaire moja, ambayo siku hizo ilikuwa sawa na dola mbili za Marekani. Oktoba 1993, zaire 3,000,000 zikawa zaire mpya moja. Juni 1998, zaire mpya 100,000 zikawa faranga moja. Zidisha 1,000 kwa 3,000,000, kisha kwa 100,000, upate tatu yenye sifuri 14. Ukitaka kuihesabu kwa mdomo, namba moja kila sekunde bila kulala, itakuchukua zaidi ya miaka milioni tisa.

Njia nzuri ya kuielewa namba kubwa ni kuivunja hadi zibaki namba tasa, zile zisizogawanyika ila kwa 1 na kwa zenyewe. Kila sifuri ya mwisho ni 10, na 10 ni 2 mara 5. Kwa hiyo sifuri 14 zinatupa 2 kumi na nne na 5 kumi na nne. Inabaki 3 moja tu, na hiyo ililetwa na badiliko la 1993. Mimi naona uzito wote wa namba hii uko kwenye hiyo tatu ya pekee.

Bila hiyo 3, namba yetu ingekuwa mraba kamili: 10,000,000 mara 10,000,000. Pamoja nayo, kipeuo chake cha pili hakiandikiki kama namba nzima wala kama sehemu ya aina yoyote.

Madhara yake sokoni yalikuwa makubwa zaidi. Tunahesabu kwa makumi, na 10 haikujengwa kwa namba tasa ila 2 na 5. Ukigawa kwa namba iliyojengwa kwa 2 na 5 tupu, desimali hufika mwisho. Ukigawa kwa namba yenye 3, wakati kinachogawanywa hakina 3 ya kuifuta, desimali hazikomi. Chukua noti ya zaire 5,000,000, ile ambayo wafanyabiashara wengi waliikataa mapema 1993. Ilikuwa sawa na zaire mpya 1.666…, yaani makuta mapya 166 na theluthi mbili (makuta mapya 100 yalifanya zaire mpya moja). Kama kiwango kingewekwa 5,000,000, ingegeuka zaire mpya moja kamili. Kama kingekuwa 2,000,000, zaire mpya 2 na makuta 50. Mama muuza samaki angefanya hesabu hiyo kichwani.

Namba hugawanyika kwa 3 pale tu jumla ya tarakimu zake inapogawanyika kwa 3. Noti za zaire ya zamani zote zilianza na 1, 2 au 5, na baada ya hapo ni sifuri. Jumla ya tarakimu ni 1, 2 au 5. Basi hakuna noti hata moja ya zamani iliyoweza kubadilishwa peke yake bila kubakiza kipande. Njia moja ilikuwa kukusanya tatu za aina moja: tatu za 5,000,000 zilitoa zaire mpya 5 kamili.