Motokari Inalia Asubuhi ya Baridi: Sauti Gani Ni ya Kuogopa?

Mwezi wa sita na wa saba, huku kwetu Lubumbashi, watu wanavaa makoti na motokari zinaanza kulia. Wakati wa masika motere inawaka bila neno. Kipwa kikiingia, saa kumi na mbili asubuhi lupango nzima inasikia: kiiii! Ao: ti-ti-ti-ti. Ao: ko, ko, ko. Mwenye motokari anafungua kapo, anaangalia, haoni kitu, anafunga. Kisha anaenda ku garaji, na kule wanamwambia alete dola. Wenzetu wengi, ambao baba zao wanaishi kwa kazi ya taksi, wametuuliza: «Juu ya nini baridi inafanya mutuka ilie? Namna gani kujua sauti ya bure na sauti ya hatari?» Tutajaribu kueleza.

Pengine mtu atacheka: baridi gani? Ulaya ndiko kuna teluji! Ni kweli. Lakini Lubumbashi iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Kolwezi inapita mita 1,400. Usiku wa kipwa kipimo kinashuka mara nyingi chini ya digri 10. Na motere iliyopata moto sawasawa, maji yake yana digri karibu 90. Basi kila asubuhi motere sharti ipande digri 80 na zaidi, na ni katika safari hii tunasikia zile sauti.

Baridi inageuza vitu vitatu: chuma kinanywea, mafuta yanakuwa mazito, mpira unakuwa mgumu. Tuchukue chuma kwanza. Pistoni nyingi ni za aluminiamu, na bloki ya motere za zamani na za kamyo ni ya chuma cha kuyeyusha. Aluminiamu ikipata moto inavimba karibu mara mbili kuliko hicho chuma. Kwa hiyo kiwanda kinaacha nafasi ndogo kando ya pistoni, isije ikakwama wakati wa joto. Motere ikizeeka, nafasi ile inaongezeka, na asubuhi pistoni inayumba na kupiga ukuta: ko-ko-ko, sauti nyepesi kama kidole ku meza. Dakika chache zikipita, pistoni inavimba, inajaza fasi yake, sauti inakwisha. Motere ya namna hii inaweza kufanya kazi miaka mingi bado. Tumesikia mtu akiambiwa aifungue yote juu ya sauti hiyo tu, na kwa maoni yetu ile ni kutupa pesa.

Njo maana, mbele ya kuuliza «inalia wapi?» uliza «inalia saa gani?» Inaanza wakati gani, na inakwisha wakati gani? Mafundi wengi wanaanza na wapi, kwa sababu wapi inaonyesha kipande cha kuuza. Lakini saa gani inaonyesha ugonjwa.

Sasa mafuta ya motere. Usiku yanashuka yote chini mu karteri, na asubuhi, yakiwa mazito, yanachelewa kupanda mpaka juu kwenye supapi. Katika sekunde zile za kwanza utasikia ti-ti-ti-ti, kama mashine ya kushona. Ikinyamaza upesi, usijali. Ikiendelea, zima motere, ngoja kidogo, vuta jauji na uangalie kipimo cha mafuta. Halafu soma bidoni: ni mafuta gani waliyotia? Kuna yaliyoandikwa 20W-50, mengine 15W-40, mengine 5W-30. Herufi W inatoka katika neno la Kiingereza lenye maana ya majira ya baridi. Hesabu iliyo mbele ya W ikiwa ndogo, mafuta yanatembea upesi zaidi asubuhi. Hesabu ya nyuma inaonyesha namna yanavyobaki mazito motere ikiwa na moto. Motokari nyingi za Japani zinazotufikia kwa njia ya Zambia, zile zenye usukani kuume, zilitengenezwa kwa mafuta mepesi kama 5W-30. Mwenyewe anazitilia mafuta mazito ya kamyo, «juu yanakaa siku mingi», kisha anashangaa kwamba zinalia asubuhi. Hapana kushangaa! Soma kitabu cha motokari. Kama kimepotea, uliza mtu mwenye motokari ya aina ileile aliye nacho.

Ile taa nyekundu yenye picha ya birika la mafuta, hiyo haina mazungumzo. Sekunde chache nyuma ya kuwasha sharti izimike. Isipozimika, ao ikiwaka njiani, simama na uzime motere palepale, hata kama abiria wanapiga kelele.

Kuna ndugu mbaya wa ile sauti ya pistoni. Hii ni nzito, inatoka chini, kama mtu anayepiga mlango na nyundo: KO! KO! KO! Inaongezeka ukipiga gazi ao ukipanda mlima, na motere ikipata moto haipungui hata kidogo, inazidi. Juu ya nini? Kwa sababu katika moto mafuta yamekuwa mepesi, hayawezi tena kujaza nafasi kati ya bieli na vile vyuma laini inavyozungukia, ambavyo vimekwisha kulika. Ukiendelea kuendesha, bieli inaweza kuvunjika na kutoboa bloki. Pale hakuna tena matengenezo, ni kununua motere nyingine. Basi ona: sauti mbili zinafanana, zote ko-ko-ko. Moja inakimbia moto, nyingine inapenda moto. Asiyeuliza saa gani atazichanganya.

Na tunapenda kusema juu ya desturi moja ya mashoferi wetu. Asubuhi wanawasha, halafu mara moja wanapiga gazi kwa nguvu, vruum! vruum!, «ili motere ipate moto upesi». Kufanya hivi ni kusaga chuma juu ya chuma wakati mafuta hayajafika. Inatosha kungoja nusu dakika, kisha uende polepole katika kilometa za kwanza. Motere inapata moto mzuri ikitembea kuliko ikisimama.

Kiiii! ya asubuhi, ile inayoamsha jirani, kwa kawaida ni kuruwa, mkanda wa mpira unaozungusha alternatere na pompe ya maji. Mpira umekuwa mgumu, pengine una umande, na tena batri imetoa nguvu mingi kwa kuwasha, kwa hiyo alternatere ni nzito kuzungusha. Mkanda unateleza. Mafundi wana jaribio zuri: motere ikiwa inazunguka, wanadondosha maji kidogo tu upande wa mkanda wenye meno. Sauti ikinyamaza kidogo na kurudi, mkanda umezeeka ao magurudumu yake hayako katika mstari mmoja. Sauti ikizidi, mkanda umelegea. Lakini usijaribu na shati yenye mikono mirefu, wala kitambaa shingoni, wala usiweke vidole karibu! Ile kuruwa haina huruma. Hii sauti inaogopesha watu kuliko zote, na ponyo lake mara nyingi ni bei kidogo. Hata hivyo usiiache miezi, maana mkanda ukikatika njiani, pompe ya maji inaweza kusimama nao na motere inaungua.

Motokari ya mazutu ina sauti yake. Rudolf Diesel, yule Mjerumani aliyeandikisha mawazo yake mwaka 1892 na kupata motere nzuri ya kwanza mwaka 1897, hakutumia cheche ya buji. Katika motere yake hewa inakandamizwa mpaka inakuwa na moto mkali, na mazutu yakiingia yanawaka yenyewe. Asubuhi ya baridi kuta za silinda zinanyonya ule moto. Mazutu yanachelewa kuwaka, yanakusanyika, kisha yanawaka yote pamoja: ka! ka! ka!, na moshi mweupe nyuma. Ndiyo sababu kuna taa ndogo ya rangi ya machungwa yenye picha ya waya uliozungushwa. Ufunguo ukigeuzwa, ngoja taa izimike mbele ya kuwasha. Sauti ikibaki paka ya silinda moja hata nyuma ya dakika kumi, hapo angalia kile kipande kinachotia mazutu katika silinda ile. Na kuwasha moto wa kuni chini ya kamyo ili kuipasha, hapana kabisa.

Ukigeuza ufunguo usikie tak-tak-tak-tak tu, batri imechoka ao vichwa vyake vimeshika kutu. Baridi inapunguza nguvu za batri, na batri ya zamani inajulikana mwezi wa saba. Tak! moja kubwa, kisha kimya, shaka inaelekea demarere. Freni zikikwaruza mara mbili tatu za kwanza, ni kutu ya umande. Zikikwaruza mpaka mchana, vitambaa vimekwisha na chuma kinakula chuma, na hapo usipakie mtu.

Tumeweka nyuma sauti inayodanganya kuliko zote. Ni ndogo: tsi-tsi-tsi, ao pf-pf-pf, karibu na fasi bomba la moshi linapofungwa kwa motere. Pale kuna ufa ao bolti imelegea. Nyuma ya dakika tano chuma kinavimba, kinaziba ufa, sauti inapotea. Mwenye motokari anasema: «Imepona.» Haikupona. Ufa uko palepale, na hauzibiki vizuri sikuzote. Na hii ni miezi ambayo, katika taksi-bisi, abiria wote wanafunga madirisha juu ya baridi. Moshi wa motere una gazi ile tunayoandika CO katika somo la shimi. Haina rangi, haina harufu. Inashikamana na hemoglobini ya damu mara zaidi ya 200 kuliko oksijeni, na hivi damu inatembea bila kubeba hewa. Ni gazi ileile ya mbabula ya makala, inayoua watu waliolala nyumba imefungwa. Kichwa kinauma, macho yanazunguka, moyo unachafuka, usingizi unakuja. Kama katika motokari moja watu wawili watatu wanalalamika kichwa pamoja, usiseme ni malaria. Simamisha, fungua milango, wote watoke nje wapate hewa, na aliyelegea apelekwe hospitali. Kwa kutafuta ufa, angalia motere ikiwa baridi: mara nyingi masizi meusi yameandika fasi yake. Na kamwe usipashe motere katika garaji ya nyumba yenye mlango uliofungwa.

Kwa kusikiliza vizuri, chukua fimbo kavu ndefu kama mkono, weka ncha moja ku alternatere, ku pompe, ao ku bloki, na ncha nyingine karibu na sikio, mbali na kuruwa na ventilatere. Mahali palipo na ugonjwa sauti itakuja kwa nguvu. Ni akili ya yule daktari Mfaransa Laennec, ambaye mwaka 1816 alikunja karatasi ili asikilize moyo wa mgonjwa, na stetoskopi ikazaliwa.

Mbele ya kwenda ku garaji andika ku karatasi: sauti inaanza motere ikiwa baridi ao moto, inakwisha nyuma ya dakika ngapi, inafuata gazi hata motokari ikiwa imesimama, ao inafuata magurudumu tu. Na kama ni sauti ya asubuhi, peleka motokari jioni ilale kule kwa fundi, awashe mwenyewe kesho yake. Maana ukiifikisha saa tatu na moto wake, sauti imekwisha njiani na fundi atasikia paka maneno yako.