Fungate ya Karibi: Visiwa Vichache Vinavyopakana Vinatosha

Ramani ya Bahari ya Karibi huwadanganya maharusi. Ukiitazama kwenye simu unaona visiwa vimejipanga karibu karibu, na mkono unaanza kuandika orodha: Jamaica siku mbili, Bahamas mbili, Saint Lucia, Barbados, kisha Aruba ya kumalizia. Lakini kutoka Kingston, Jamaica, hadi Bridgetown, Barbados, ni karibu kilomita 1,900 kwa ndege, umbali wa Nairobi hadi Khartoum. Bahamas hata haimo ndani ya bahari hiyo. Iko Atlantiki, kaskazini mwa Cuba. Aruba nayo iko chini kabisa, jirani na pwani ya Venezuela. Kwa hiyo wanaotaka fungate ya kuhama kisiwa hadi kisiwa wanapaswa kuanza na swali la usafiri kabla ya swali la ufukwe: ni visiwa gani vinavyofikika kutoka kimoja hadi kingine kwa boti, bila kupoteza siku nzima? Nadai kwamba viwili au vitatu vya jirani vitawapa wenzi raha kubwa kuliko vitano vilivyotawanyika, na hata gharama itapungua.

Tazama usafiri wa anga ulivyo. Kwa miongo mingi shirika la LIAT, lililoanzishwa Montserrat mwaka 1956, ndilo lililokuwa daladala la visiwa vya mashariki. Mwaka 2020 likafilisika. Mengine yamejitokeza kuziba pengo, likiwemo LIAT 2020 lililoanza kuruka mwaka 2024 kwa ubia na Air Peace ya Nigeria, lakini bado kuna visiwa vinavyotazamana ambavyo msafiri wa ndege huvifikia kwa kuzungukia Barbados au Antigua. Kila serikali huweka kodi na tozo zake juu ya tiketi, ndiyo maana safari ya nusu saa inaweza kuwa na bei inayomshtua mtu. Viwanja vyenyewe vina mambo yake. Saint Lucia ina viwili: Hewanorra, kusini, hupokea ndege kubwa kutoka mbali, na kile cha Castries, kaskazini, hupokea zaidi ndege ndogo za visiwani. Kati yake ni barabara ya milima ya zaidi ya saa moja. Anayetua kimoja na kuondokea kingine bila kuliangalia hilo atalipa teksi ya kukumbukwa.

Sasa piga hesabu. Fungate ya usiku kumi yenye visiwa vitano ina siku nne za kuhama. Siku ya kuhama huanza kwa kufunga mizigo, kukabidhi chumba kabla ya adhuhuri, kuwahi uwanjani, kusubiri ndege ambayo huenda ikachelewa, kupanga foleni ya uhamiaji na kutafuta gari. Ukifika hotelini jua linazama. Hiyo ni karibu nusu ya fungate, na imekwenda kwenye kazi ile ile iliyowachosha wiki za maandalizi ya harusi.

Mfano bora wa njia ninayoitetea ni mlolongo wa Grenadines, kati ya Saint Vincent na Grenada. Kutoka Kingstown, mji mkuu wa Saint Vincent, feri huvuka hadi Bequia kwa muda wa saa moja hivi, mara kadhaa kwa siku, na abiria ni wenyeji wanaotoka sokoni pamoja na watalii. Bequia ni kisiwa kidogo chenye historia ya kuunda mashua, na mpaka leo mafundi wake huchonga vijimashua vya mfano kwa ustadi mkubwa. Kusini zaidi kuna Canouan, Mayreau na Union, ambako boti haziendi kila siku, hivyo ratiba ndiyo itakayokuambia ulale wapi. Kutoka Mayreau au Union unakodi mashua hadi Tobago Cays, visiwa vitano visivyokaliwa na watu ndani ya hifadhi ya bahari, na huko kasa hula nyasi za baharini huku waogeleaji wakiwatazama. Ukivuka mpaka unaingia Carriacou, ambayo ni ya Grenada. Uundaji wake wa mashua za mbao uliorodheshwa na UNESCO mwaka 2023. Hatimaye boti inakufikisha Saint George's, mji mkuu wa nchi ambayo bendera yake ina kungumanga. Msomaji wa Zanzibar ataijua harufu ya masoko yale kabla hajaambiwa jina. Kote huko lugha rasmi ni Kiingereza, na sarafu ni dola moja ya Karibi Mashariki, ambayo tangu mwaka 1976 inabadilishwa kwa 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Zaidi ya hayo, unaingilia Saint Vincent na kutokea Grenada bila kurudi nyuma, maana nchi zote mbili hupokea ndege za moja kwa moja kutoka Miami, New York na Toronto.

Watakaopinga watataja kwanza meli ya kitalii. Meli inabeba chumba chako, chakula na mizigo, inasafiri usiku, na asubuhi uko kisiwa kingine. Hoja yangu ya siku zilizopotea inaonekana kuzama hapo. Nakubali kwamba kwa bei na kwa urahisi wa mizigo meli ni ngumu kuishinda. Lakini kwa kawaida hutia nanga asubuhi na kung'oa jioni, pamoja na abiria maelfu wanaoshuka kwa wakati mmoja kwenye gati lile lile. Jioni, joto linapopungua na wenyeji wanapotoka kula samaki wa kuchoma, wewe umesharudi melini. Anayetaka kuona bandari nyingi achukue meli. Sioni kwa nini wenzi wanaotafuta faragha waichague.

Pingamizi la pili ni zito zaidi: bahari na hali ya hewa. Upepo wa huko huvuma kutoka mashariki na kaskazini-mashariki karibu mwaka mzima, haugeuki kama kaskazi na kusi yetu, na kati ya kisiwa na kisiwa mawimbi ya Atlantiki hupenya. Mwenye kuugua bahari amwone mfamasia mapema. Kuhusu vimbunga, msimu ni Juni 1 hadi Novemba 30, na kilele chake ni Agosti hadi Oktoba. Hata Julai si salama: kimbunga Beryl kiliipiga Carriacou tarehe 1 Julai 2024 na kuiharibu vibaya Union pia. Anayefunga ndoa Agosti asiende Grenadines. Atazame Curaçao na Bonaire, zilizo kusini mwa njia ya kawaida ya vimbunga, ingawa kati yake atapanda ndege ndogo. Katikati ya Desemba hadi Aprili ni kiangazi, na bei hupanda ipasavyo.

Kuna watakaouliza kwa nini mtu wa Afrika Mashariki avuke Atlantiki wakati Pemba na Mafia zipo. Swali ni la haki, na kwa wengi wanaoondokea Dar es Salaam au Nairobi jibu ni kwamba hakuna haja. Kwa Waswahili wanaoishi Toronto, New York au London hesabu inageuka, kwa kuwa Karibi ndiyo iliyo karibu. Anayetoka nyumbani ajue kuwa Barbados, Grenada na Saint Vincent zimekuwa zikiwapokea raia wa Kenya na Tanzania bila viza, lakini njia yenyewe mara nyingi hupita London au Marekani, ambako wengi huhitaji viza hata ya kupita tu. Martinique na Guadeloupe ni ardhi ya Ufaransa, ila viza ya kawaida ya Schengen haitoshi kuziingia. Yapasa itolewe kwa ajili ya maeneo hayo. Kabla ya kulipia chumba chochote, pata kwanza ratiba ya boti ya mwezi mnaosafiri, kisha uulize ubalozini kuhusu kila nchi mtakayogusa, pamoja na ile ya kubadilishia ndege.