Neno 'line' na Visawe Vyake katika Kiswahili

Mwanafunzi akiulizwa maana ya neno la Kiingereza 'line' hujibu upesi: mstari. Jibu hilo si kosa, ila ni haba. Mstari huchorwa au huandikwa; lakini mvuvi hutupa mshipi, mshairi hutunga mishororo, na askari wa gwaride hujipanga safu.

Utata mkubwa umo katika watu wanaosimama wakifuatana. Foleni, ambayo asili yake ni amri ya kijeshi ya Kiingereza 'fall in', yamfaa anayengojea zamu. Nchini Tanzania imeenea hata kwa magari yaliyosongamana. Mlolongo nao ulikuwa mfuatano wa vitu vyovyote, hadi mwaka 1988, wanachama wa KANU walipowateua wagombea kwa kusimama hadharani nyuma yao. Tangu hapo, likitajwa kando ya uchaguzi nchini Kenya, neno hili hubeba shutuma. Mfasiri anayeandika kwamba wapigakura wa kura ya siri 'walipiga kura kwa mlolongo' amewashtaki wasimamizi pasipo kukusudia. Heshima ya uchaguzi mzima yaweza kutiwa doa na kisawe kimoja.

Tena ipo laini, ya simu au ya nyumba za polisi. Hii haina udugu na laini ya kitambaa, kivumishi chenye asili ya Kiarabu. Mtunga kamusi hana budi kuyapa vidahizo viwili.