Kioo, Taswira na Kuakisi

Katika maandishi ya sayansi yanayofasiriwa kwa Kiswahili huweza kukutwa sentensi kama hii: "Kioo hugeuza kulia kuwa kushoto." Mwanafunzi aisomapo ana haki ya kumwuliza mwalimu wake: mbona hakigeuzi juu kuwa chini? Swali hilo si la kitoto. Katika makala haya tunakusudia kuonyesha kwamba kosa limo katika maneno yetu, wala si katika kioo.

Tuanze na istilahi zenyewe. Neno "kioo" lina maana mbili: kile kipitishacho nuru, kama cha dirisha, na kile cha kujitazamia. Kitenzi "kuakisi" asili yake ni Kiarabu, nacho kina udugu na neno "aksi", yaani kinyume. Wazo la kinyume, basi, limo katika neno hilo tangu mwanzo. Lililo wajibu wetu ni kueleza ni kinyume cha nini. Kionekanacho katika kioo ni "taswira". Haifai kukiita kivuli, kwa kuwa kivuli hutokea pale nuru inapozuiwa, na taswira hutokea pale nuru inaporudishwa.

Sasa mtu na asimame mbele ya kioo akielekea kaskazini, kisha ainue mkono ulio upande wa mashariki. Katika taswira nako utainuka mkono wa mashariki. Kichwa kitabaki juu na miguu chini. Kilichobadilika ni kimoja tu: mtu ameelekea kaskazini, na taswira imeelekea kusini. Kioo, kwa hiyo, hugeuza mbele kuwa nyuma. Sisi ndio tunaojifikiria tumezunguka na kusimama mahali pa taswira. Na kwa vile mtu azungukapo mkono wake wa kulia huhamia upande wa pili, twadhani kioo ndicho kilichouhamisha.

Mwalimu aweza kulithibitisha jambo hili darasani. Aandike neno kwenye karatasi na kuigeuza ielekee kioo: herufi zitaonekana kinyume, kwa sababu yeye mwenyewe ameigeuza. Kisha aandike neno lilo hilo kwenye kipande cha kioo cha dirisha, akishike mbele ya kioo cha kujitazamia huku akilisoma. Katika taswira pia neno litasomeka sawasawa, maana hakuna aliyeligeuza.

Jambo hili halikomei shuleni. Mfasiri wa maelekezo ya udereva akiandika "upande wa kulia wa taswira", msomaji mmoja atafahamu upande wake mwenyewe, na mwingine upande wa yule aonekanaye. Dereva anayerudisha gari nyuma hana nafasi ya kubahatisha maana.

Kwa hiyo tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, pale penye shaka, iandikwe "kioo cha kujitazamia" au "kioo cha dirisha". Pili, "kuakisi" litumike kwa tendo la kurudisha nuru, na "taswira" kwa kile kionekanacho. Tatu, pande zitajwe kwa kumfuata mtazamaji: "upande wa kulia wa mtazamaji". Mfasiri akiyazingatia hayo, atakuwa amempunguzia mwalimu nusu ya kazi ya kueleza.