Siku ya Maombi ya Wamama: mtu asibaki dirishani kwa sababu ya kikwembe

Mvua ingali inanyesha, barabara ni matope na mchanga, lakini tunamshukuru Mungu kwa kutufikisha tena mwezi wa tatu.

Siku ya tano ijayo, tarehe 6 mwezi wa tatu 2026, ni Siku ya Maombi ya Wamama Duniani. Kila mwaka siku hii ni ile siku ya tano ya kwanza ya mwezi wa tatu. Kwa wale dada zetu ambao wameingia katika umoja juzi juzi, tueleze kidogo. Mwaka 1887, huko Marekani, mama mmoja Mpresbiteri, Mary Ellen James, aliwaita wamama watenge siku moja ya kuombea kazi ya kanisa katika nchi yao. Wengine wakafuata, na mwaka 1927 siku hiyo ikawa ya dunia nzima. Tangu wakati huo wamama wa nchi moja wanaandika utaratibu wa ibada, na wamama wa nchi nyingine wanaufuata. Mwaka 2024 waliandika wamama wa Palestina. Mwaka 2025 waliandika wamama wa visiwa vya Cook, mbali katika bahari ya Pasifiki. Mwaka huu ni zamu ya dada zetu wa Nigeria, hapa hapa Afrika. Somo walilochagua liko katika Mathayo 11:28-30, mahali Yesu anapowaita waliochoka na waliolemewa na mizigo waje kwake, naye awapumzishe.

Tutatangaza saa na vyakula hapa chini. Lakini mbele ya hayo tuna neno moja, nalo si la kuwasema wengine. Ni letu sisi wenyewe.

Mwaka jana, siku kama hii, kanisa lilijaa. Tulivaa kikwembe cha umoja, libaya zimeshonwa vizuri, vitambaa vya kichwa vimefungwa. Tuliimba hata kuta zikaitika. Tulipotoka tulikuta bukari ya moto na sombe iliyopikwa na karanga, chakula cha kutosha watu wote. Tulikula, tulicheka, tukarudi nyumbani.

Hakuna aliyeuliza ni nani alitwanga ile sombe. Alikuwa mama mmoja wa mtaa wetu, mama wa watoto watano. Alifika tangu alfajiri, akachota maji, akawasha moto, akatwanga na kupika. Ibada ilipoanza alinawa mikono, akaja mpaka kwenye dirisha la nyuma, akasimama nje. Hakuingia. Kikwembe cha umoja hakuwa nacho. Muhogo wake ulikuwa umeoza shambani kwa mvua, na kijana wake mkubwa, aliyekwenda kuchimba mawe huko Kolwezi, hakuwa ametuma makuta kwa miezi mingi. Aliona haya kuketi kati yetu na nguo yake ya kila siku. Alisikiliza mahubiri yote akiwa dirishani, halafu akarudi kwenye vyungu.

Siku ile katibu alihesabu wamama kwa kikwembe. Jina la mama huyu halikuandikwa. Naye akaelewa kwamba hahesabiwi, akaacha kuja kwenye mikutano ya siku ya nne.

Miezi miwili baadaye mtoto wake wa mwisho alishikwa na malaria kali. Alilala hospitalini siku nne. Ninyi wote mnajua desturi yetu: mtoto wa mwenzetu akilazwa, tunagawana zamu. Mmoja analeta uji, mwingine analala naye usiku, mwingine anabaki na wale watoto wa nyumbani, na mweka hazina anatoa kitu kidogo cha dawa. Kwa mama huyu hakuenda mtu. Hatukumchukia, hatukujua tu. Jina lake halikuwa katika daftari, basi hakuna aliyeuliza kwa nini haonekani. Alilala pale sakafuni siku zote nne, peke yake, na watoto watatu wakimngoja nyumbani bila mtu mzima.

Mtoto alipona, Mungu asifiwe. Sisi tulipata habari kwa jirani, wakati yote yalikuwa yamekwisha. Tulipokwenda kumwona alitupokea vizuri, akatupa viti. Mmoja wetu akamwuliza, "Mama, kwa nini hukutuma mtu atuite?" Akajibu kwa upole, "Yaya, nilifikiri ni kwa wale wa kikwembe."

Wapenzi wamama, neno hilo lilituingia. Tulirudi njiani bila kuongea.

Tuliita mkutano. Tuwaambie kweli, haukuwa mkutano mwepesi. Dada mmoja kijana alisema tutupe kikwembe chote, kila mtu avae anavyopata. Mama mmoja mzee, aliyeingia katika umoja wakati wengi wetu hatujazaliwa, akasimama kumjibu. Alisema, "Binti yangu, wewe hukuona. Zamani mke wa mwalimu alikuja na kikwembe cha bei, na mke wa mlimaji alikuja na kitambaa kilichopauka. Waliketi mbali mbali. Siku tulipopata kikwembe kimoja, waliketi pamoja, na mgeni hakuweza kujua ni nani tajiri. Kikwembe kilifunika umaskini wetu. Mkikitupa, wenye makuta watatuonyesha tena nguo zao."

Tulinyamaza, maana alisema kweli. Kikwembe kilianza kama njia ya kumwingiza maskini. Sisi ndio tuliokigeuza mlango wa kumzuia. Zamani kikwembe kimoja kilivaliwa miaka na miaka. Sasa kuna kikwembe cha siku ya maombi, kingine cha tarehe 8, kingine cha sikukuu ya kwaya, kingine cha matanga. Kila kimoja kinatoka mbali, kwa lori au kwa pikipiki, na bei inapanda njiani. Kisha kuna mshonaji. Kwa mama anayeishi kwa muhogo wake na mahindi yake, mavazi ya siku moja yanaweza kumaliza unga wa watoto wa majuma mengi. Wengine wanakopa. Wengine wanagombana na bwana nyumbani. Wengine, kama mwenzetu, wanabaki dirishani.

Si sisi peke yetu. Hata huko Nigeria, ambao tutasoma maombi yao, Wayoruba wana desturi wanayoiita aso ebi, yaani nguo ya jamaa, ambayo ndugu na marafiki wanavaa sawa siku ya arusi au ya mazishi. Ni desturi nzuri ya kuonyesha umoja. Lakini huko pia watu wanalalamika kwamba wengine wanaingia deni kwa ajili yake. Mizigo ya wamama inafanana.

Katika mkutano ule mama mmoja alitukumbusha jambo la hapa kwetu. Sisi ni watu wa Musumba, kwa Mwant Yav. Hapa mama ana kiti tangu zamani: yuko Rukonkish, yuko Nswan Murund, na heshima yao inajulikana katika nchi yote ya Walunda. Na mwanzo wake ni Ruwej. Wazee wanasimulia kwamba Ruwej alipewa rukan, ile bangili ya ufalme, na baba yake Nkond, ingawa alikuwa na kaka. Kwa nini yeye? Kwa sababu kaka zake walimtendea baba vibaya, na Ruwej ndiye aliyemtunza. Mama yule akasema, "Kwa wazee wetu, aliyehudumia ndiye alipewa bangili. Kwetu, aliyehudumia alisimama nje." Pale pale tulikata shauri.

Haya ndiyo tuliyopatana:

Kwanza, kikwembe cha umoja kinabaki, lakini ni kimoja tu, nacho hakitabadilishwa kila mwaka. Mwenye kile cha zamani akivae bila haya, hata kama rangi imepungua.

Pili, asiye nacho aje na nguo yoyote safi, afunge kitambaa cheupe kichwani. Wote tutafunga kitambaa cheupe siku hiyo, hata wenye kikwembe. Wamama wa kikundi cha kushona wamekwisha kukata vitambaa kutoka mashuka ya zamani yaliyotolewa na baadhi yenu. Vitakuwa mlangoni, havilipwi.

Tatu, katibu hatahesabu nguo tena. Ataandika kila mama aliyefika, na wale wanaopika watakuwa wa kwanza kuandikwa. Nao watapika kwa zamu, ili kila mmoja aingie ibadani.

Nne, makuta tuliyokuwa tukikusanya kwa kikwembe cha tarehe 8 yatakwenda katika sanduku la wagonjwa. Mwenye kutaka kununua chake anunue, lakini umoja hautamdai mtu.

Hatusemi kwamba wote wamefurahi. Wengine walikuwa wamekwisha kuagiza nguo Kolwezi, nao wanaona tumewaaibisha. Dada zetu, hatukukusudia hivyo. Njooni na nguo zenu, mpendeze. Tunaomba tu kwamba atakayeketi kando yenu na nguo yake ya shambani, mumpe nafasi katika benchi kama mngempa mke wa mchungaji.

Na mama wa dirishani? Tulimwomba aombe sala moja mbele ya watu. Alikataa, alisema hajui kusema mbele ya watu. Lakini amekubali kuketi ndani. Kwetu hilo linatosha.

Sasa, utaratibu wa siku ya tano. Tutakusanyika saa mbili ya asubuhi, ibada itaanza saa tatu. Wamama wa vijiji watakaofika kwa miguu siku ya nne jioni watalala kwa wenyeji. Kila nyumba inayoweza kupokea mgeni mmoja au wawili imjulishe mama mchungaji mapema. Kwa chakula, kila kikundi kilete meka moja ya unga wa muhogo au wa mahindi, fungu la sombe, na kuni kavu kidogo, maana kwa mvua hii kuni ni shida. Asiye na kitu asibaki nyumbani kwa sababu hiyo. Watoto wanaonyonya waje na mama zao. Kwa wakubwa kidogo, binti za kwaya watawaangalia chini ya mwembe.

Somo la Mathayo litasomwa kwa Uruund, Kiswahili, Kichokwe na Kifaransa. Tunawatafuta wasomaji. Ukijua kusoma vizuri, hata kama hujawahi kusimama mbele, jitolee.

Tutaombea mambo matatu hasa. La kwanza, wamama wa Nigeria, nchi yenye watu zaidi ya milioni 200. Hatujasahau wasichana 276 wa shule ya Chibok waliochukuliwa usiku mwezi wa ine 2014. Wengine walirudi, na kuna wazazi ambao wangali wanangoja hata leo. La pili, wamama wa mashariki mwa nchi yetu. Tangu Goma na Bukavu zilipoanguka mwanzoni mwa 2025, wengi wao wanalala mbali na nyumba zao. La tatu, vijana wetu walio katika mashimo ya shaba na kobalti huko Kolwezi, na mama zao wanaongoja habari.

Siku mbili baadaye, siku ya Mungu tarehe 8, ni Siku ya Kimataifa ya Wanawake. Baada ya ibada tutaketi pamoja saa moja, bila maandamano ya nguo, tuzungumze juu ya sanduku la wagonjwa: ni nani analishika, na mama anafanya nini akiwa na mgonjwa usiku. Wababa wanaotaka kusikiliza wanakaribishwa. Pasaka ni tarehe 5 mwezi wa ine, na kabla ya Pasaka tutatembelea wagonjwa kwa makundi. Pentekoste ni tarehe 24 mwezi wa tano, na hapo tunatumaini kuwaona pia wamama wa mbali, maana mvua itakuwa imekwisha na njia zitapitika.

Kazi moja inabaki, nayo ni ya kila mama anayesoma karatasi hii. Kabla ya siku ya tano, fikiri jirani mmoja ambaye humwoni tena kanisani. Usimtumie mtoto na ujumbe. Nenda wewe mwenyewe, ukae kwake kidogo, umsaidie kumenya muhogo kama anamenya. Usimwulize habari ya kikwembe. Mwambie tu kwamba utampitia asubuhi, muende pamoja.

Mungu awabariki ninyi na nyumba zenu. Tuonane siku ya tano, wote ndani.